Jina Jema na Kiti cha Gavana: Uchambuzi wa Kisa cha Mark Twain

Wahenga walisema kwamba jina jema hung'aa gizani. Mwaka 1870 mwandishi wa Marekani, Samuel Clemens, ambaye ulimwengu humjua kwa jina alilojichagulia la Mark Twain, alitunga kisa kifupi kinachoweza kusomwa kama shitaka dhidi ya methali hiyo. Kisa chenyewe kinaitwa "Kugombea Ugavana". Ni kurasa chache tu, na msomaji mwepesi hukimaliza akicheka, kisha akakiweka kando pamoja na vichekesho vingine. Lakini kicheko hicho chataka kupimwa. Kisa hiki chatoa hukumu juu ya jambo kubwa, nalo ni kama mtu mwema aweza kuomba uongozi kwa watu wake na kubaki na wema wake. Hukumu hiyo yafaa ichunguzwe: ina haki kiasi gani, na inakosea wapi.

Kwanza yafaa mahali na wakati vijulikane. Jimbo la New York wakati ule lilikuwa na watu zaidi ya milioni 4, wala hapakuwa na jimbo jingine la Marekani lililolipita kwa wingi wa watu. Gavana wake alichaguliwa kila baada ya miaka miwili. Alikuwa na uwezo wa kukataa sheria zilizopitishwa na baraza la jimbo na wa kusamehe wafungwa, na kiti chake kilikuwa ngazi ya kupandia juu zaidi. Samuel Tilden aliupata ugavana huo mwaka 1874, na mwaka 1876 akagombea urais. Grover Cleveland aliupata mwaka 1882, na mwaka 1884 akashinda urais wenyewe. Theodore Roosevelt aliupata mwaka 1898, na mwaka 1901 akawa rais. Basi waliokitaka kiti hicho, na waliowataka wakikalie, hawakukitaka kwa mchezo.

Njia ya kukifikia nayo haikuwa safi. Karatasi za kura hazikuchapishwa na serikali. Kila chama kilichapa zake chenyewe, na watu wake wakazigawa karibu na mahali pa kupigia kura, hata ikawa shida kwa mtu kuficha amechagua upande gani. Desturi ya kura ya siri kwa karatasi za serikali, iliyotoka Australia, ilianza kushika mizizi Marekani mwaka 1888 katika jimbo la Massachusetts, na New York ikatunga sheria yake mwaka 1890. Uchaguzi wa ugavana wa mwaka 1868 ulilalamikiwa mno kwa hila za kura, hata bunge la taifa likaweka kamati ya kuupeleleza. Magazeti mengi yalikuwa mali ya vyama au marafiki wa vyama, na mhariri hakuona haya kuwa mpiga debe. Kazi yake ilikuwa kumpamba mtu wa chama chake na kumvua nguo mtu wa chama cha pili.

Washindani wa mwaka 1870 walikuwa wawili. John T. Hoffman wa chama cha Demokrati alikuwa gavana tayari, na kabla ya hapo meya wa mji wa New York. Nyuma yake alisimama William Tweed na kundi lake la Tammany Hall, lililoutawala mji ule. Stewart L. Woodford wa chama cha Republikani alikuwa askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe na naibu wa gavana wa zamani. Katika kisa chake Twain anawataja wote wawili kwa majina yao halisi, kisha anajiweka mwenyewe kuwa mshindani wa tatu asiye na chama. Hilo halikutokea. Mwaka ule mtungaji alikuwa akikaa Buffalo, katika jimbo hilo hilo, akiwa mmoja wa wenye gazeti la Express. Kisa kilitolewa katika toleo la Desemba 1870 la jarida la Galaxy, na uchaguzi wa Novemba ulikuwa umekwisha, Hoffman ameshinda. Kwa hiyo maneno yake hayakukusudiwa kumpa mtu kura wala kumnyima. Yalikusudiwa kuonyesha jambo.

Muhtasari wa kisa ni huu. Msimulizi ameteuliwa kugombea ugavana, naye anajipongeza kwamba amewazidi wenzake kwa kitu kimoja, yaani sifa njema. Hata hivyo anaona uchungu kusikia jina lake likitajwa pamoja na majina ya watu wale, na bibi yake anamwandikia barua ya kumwonya asijishushe. Asubuhi moja akiwa mezani anasoma gazetini kwamba mwaka 1863, mahali paitwapo Wakawak huko Cochin China, mashahidi 34 walimthibitisha kuwa alikula kiapo cha uongo ili amnyang'anye mjane maskini shamba dogo la migomba. Hajapata kufika huko, wala mahali hapo hajapata kupasikia. Anaduwaa, na siku inapita bila yeye kujibu. Kesho yake gazeti lile lasema kwamba kimya chake kina maana.

Tangu hapo mashitaka yanamiminika. Anaambiwa aliwaibia wenzake huko Montana, wakampaka lami, wakambandika manyoya na kumfukuza. Anaambiwa amemsingizia marehemu babu wa mshindani wake, na kundi la watu wenye hasira linavamia nyumba yake usiku, linavunja vyombo na kuondoka na mali. Anaambiwa ni mlevi, naye hajagusa kileo kwa miaka mitatu. Anaambiwa ni mtoa rushwa, na mtoza watu fedha kwa vitisho. Anaambiwa alichoma nyumba ya wenda wazimu pamoja na wote waliokuwamo kwa sababu ilimzuia kuona mandhari. Kisha kwamba alimpa mjomba wake sumu ili arithi. Mwisho, akiwa jukwaani mbele ya umma, watoto wadogo tisa wa rangi mbalimbali, waliovaa matambara, wanafundishwa kupanda jukwaani na kumshika miguu wakimwita baba. Hapo anasalimu amri. Anajitoa katika uchaguzi, na chini ya barua yake anaweka jina lake likifuatwa na safu ya herufi, kila jozi ikisimama kwa shutuma moja.

Ufundi wa kwanza wa kisa hiki umo katika mpango wa mashitaka. Yanaanza mbali kabisa na msomaji wa New York, ng'ambo ya bahari, ambako hapana mtu wa kwenda kuhakikisha. Yanakuja Montana, ambako ni mbali pia, lakini ni ndani ya nchi. Yanaingia hotelini mwake, nyumbani mwake na katika ukoo wake, hata yanamshika miguuni mwenyewe. Kadiri yanavyomkaribia ndivyo yanavyozidi kuwa makubwa, na kadiri yanavyokuwa makubwa ndivyo yanavyozidi kuaminiwa. Ingefaa iwe kinyume: uongo mdogo wa mbali ndio rahisi kusadikika, na uongo mkubwa wa karibu ndio rahisi kuumbuka. Mtungaji amegeuza kanuni hiyo kwa sababu ameona siri yake: shitaka la kwanza likiachwa bila jibu huwa shahidi wa la pili, na la pili shahidi wa la tatu. Waswahili wana neno kwa hali hii, kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kisa chote ni hadithi ya jambo lisilokuwapo likija.

Ufundi wa pili umo katika majina. Kila gazeti, baada ya kutoa shitaka lake, huliacha shitaka na kushika lakabu. Halithibitishi tena kwamba mtu huyu ni mwizi. Lamwita tu Mwizi wa Montana, kama kwamba ndivyo alivyoitwa tangu kuzaliwa. Shitaka laweza kujibiwa, kwa kuwa lina mahali, siku na mashahidi. Lakabu haijibiwi, kwa kuwa haisemi jambo, yaita tu. Ndiyo maana zile herufi za mwisho zina uchungu chini ya mzaha wake. Herufi baada ya jina ni desturi ya wasomi na watu wa vyeo, dalili ya kwamba wakubwa wamempima mtu wakamwona anastahili heshima. Hapa mtu amepimwa na magazeti, na shahada alizotunukiwa ni hizo. Mwanafunzi wa chuo atacheka hapo, kisha atatazama kwa makini zaidi herufi anazozitamani mwenyewe.

Wachambuzi wepesi huishia hapa, wakisema kisa chamlilia mtu mwema aliyeonewa na magazeti maovu. Usomaji huo hauukosei sana moyo wa kisa, lakini hautazami mlango wake. Msimulizi alijuaje kwamba Hoffman na Woodford ni watu wasio na sifa njema? Asema mwenyewe mwanzoni kabisa: aliyaona magazetini. Bibi yake naye amwambia atazame magazeti apate kujua washindani wake ni watu wa namna gani. Basi kabla magazeti hayajamla yeye, yeye alikwisha kula pamoja nayo katika sahani moja. Aliyaamini juu ya wengine bila kuuliza ushahidi, na juu ya imani hiyo akajenga kiburi chake. Msomaji anayerudi kwenye ukurasa wa kwanza baada ya kumaliza wa mwisho hana budi kujiuliza kama washindani wale wawili hawakuwa, nao, watu wa namna yake, waliolala wema wakaamka na lakabu. Mtungaji halisemi jambo hili hata mara moja. Ameliacha mlangoni, na wengi wapita juu yake. Hilo ndilo jambo lenye thamani kuliko yote katika kisa, kwa sababu linamtoa msomaji katika kiti cha hakimu na kumkalisha pamoja na washitakiwa. Anayecheka magazeti ya mwaka 1870 huenda asubuhi ile ile ameamini habari ya jirani yake kwa ushahidi usiozidi ule wa Wakawak.

Jambo hili lazidi kupata nguvu mtu akikumbuka maisha ya mtungaji. Twain hakuwatazama waandishi wa magazeti kutoka nje. Alikuwa mmoja wao. Alipokuwa kijana huko Nevada aliliandikia gazeti la Territorial Enterprise la Virginia City, na mwezi wa Oktoba 1863 alitoa humo habari ya mauaji ya kutisha ya watu wa nyumba moja. Habari yote ilikuwa ya kubuni, na magazeti mengine yakaichapa tena kama kweli kabla hajaikanusha. Mwaka huo wa 1863 ndio mwaka uliowekwa katika shitaka la kwanza la kisa. Haihitaji kudaiwa kwamba aliuweka kwa makusudi. Yatosha kuona kwamba mkono ulioandika habari za uongo za Wakawak ulijua kazi hiyo kwa mazoezi. Ndiyo sababu vipande vya magazeti vilivyomo kisani vina ladha ya kweli: upole wa unafiki, maneno ya kumhurumia mjane, swali linalojifanya kutaka maelezo tu. Mwigaji asiyejua ufundi huo kwa ndani angetia matusi. Twain alitia adabu, na adabu ndiyo iliyoua.

Baada ya sifa hizi haki yataka upungufu nao utajwe. Jambo la kwanza ni kwamba katika kisa cha uchaguzi hapana wapiga kura. Umma watokea mara mbili tu: mara moja kama kundi linalovunja madirisha, na mara nyingine kama watazamaji wa jukwaa. Hapana fundi, mkulima wala mchuuzi anayepima maneno na kuamua. Hapana pia jambo lolote linalogombaniwa. Msomaji hajui gavana huyu angefanya nini juu ya kodi, shule au magereza kama angechaguliwa. Mtetezi wa kisa atasema kwamba ukimya huo ndio shabaha yenyewe, yaani kwamba matusi yamekula mahali pa hoja. Jibu hilo ni jema kwa upande wa hoja. Kwa upande wa watu halitoshi. Ukiwaondoa wananchi katika picha ya uchaguzi na kubakiza wahariri na mshindani, umekwisha kuamua kabla ya kuanza kwamba wananchi ni mawindo tu.

Jambo la pili ni baadhi ya vicheko vyenyewe. Mashahidi wa shitaka la babu wamepewa majina ya Kiairishi na makao katika mitaa ya mafukara ya mji wa New York, na msomaji wa wakati ule alitazamiwa kucheka kwa kusikia majina na mitaa tu. Wale watoto tisa nao wamepewa rangi mbalimbali, na aibu ya jukwaani yategemea rangi hizo. Mwaka 1870 neno hili halikuwa dogo. Tangu mwaka 1821 mtu mweusi wa New York hakuruhusiwa kupiga kura ila awe na mali ya dola 250, sharti ambalo mweupe hakuwekewa. Mwaka 1869 wapiga kura wa jimbo waliulizwa kama sharti hilo liondolewe, wakakataa. Liliondolewa na rekebisho la 15 la Katiba ya taifa, lililothibitishwa mwaka 1870, hata uchaguzi ule wa Novemba ukawa wa kwanza wa ugavana katika jimbo hilo, tangu sharti hilo liwekwe, ambamo weusi walipiga kura kwa haki sawa na weupe. Kisa kilichokuja mwezi uliofuata kinawadhihaki waliowapanga watoto jukwaani, na hapo kina haki. Lakini kinaazima kicheko chake katika chuki ile ile waliyoitumia wapangaji. Mjane wa Wakawak naye yuko mbali kiasi kwamba shamba lake la migomba ni mzaha. Kwa msomaji aliyekulia penye migomba, anayejua kwamba shamba dogo ndilo chakula cha mwaka mzima cha nyumba, mzaha huo hauingii vyema kama ulivyoingia New York. Kejeli bora huwapiga wenye nguvu. Hapa fimbo imewapiga wenye nguvu, lakini ncha yake imewagusa wanyonge waliosimama karibu.

Jambo la tatu ndilo kubwa, nalo ni hukumu ya mwisho: kwamba mtu mwenye jina jema aliyeingia katika ugomvi huu hana njia ila kukimbia. Historia ya jimbo lile lile haikubaliani na hukumu hiyo moja kwa moja. Mwezi wa Julai 1871, miezi michache tu baada ya kisa kutoka, gazeti la New York Times lilichapa hesabu za siri za mji zilizoonyesha jinsi kundi la Tweed lilivyoiba fedha za umma, na michoro ya Thomas Nast katika Harper's Weekly ikayaeleza hayo hata kwa wasiojua kusoma. Tweed alitiwa hatiani mwaka 1873, akafa gerezani mwaka 1878. Hoffman mwenyewe hakupelekwa mahakamani, lakini jina lake lilifungamana na la Tweed, na mwaka 1872 chama chake hakikumsimamisha tena. Basi gazeti liliweza kuwa mwongo wa Wakawak, na gazeti liliweza pia kuwa taa iliyowamulika wezi. Kisa cha Twain hakitoi alama ya kumsaidia msomaji kutenga la kwanza na la pili, na mtu aliyekiamini mno angeweza kuyakataa mashitaka ya kweli ya mwaka 1871 kwa kuyadhania ni ya Wakawak. Kila mwizi hupenda umma uamini kwamba magazeti yote ni ya uongo.

Mfano wa pili wakaribiana na kisa kwa namna ya ajabu. Mwezi wa Julai 1884, Grover Cleveland, gavana wa New York, alipokuwa akigombea urais, gazeti moja la Buffalo lilitangaza kwamba alikuwa na mtoto nje ya ndoa. Ni kana kwamba mmoja wa watoto wale tisa ametoka kitabuni akapanda jukwaani. Lakini Cleveland hakukimbia wala hakunyamaza. Aliwaagiza marafiki zake waseme kweli, akakiri kwamba alimtunza mtoto huyo, na watu wakamchagua, ingawa jimbo la New York alilipata kwa kura elfu moja na kidogo tu. Miongoni mwa waliomwunga mkono alikuwa Mark Twain mwenyewe. Kwa hiyo mtungaji, miaka 14 baadaye, alisimama upande wa mtu aliyefanya kile ambacho msimulizi wake hakukifanya. Methali yasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Katika uchaguzi mshindo wa kimya humwangukia aliyenyamaza.

Kisa hiki kimesafiri mbali. Huko China kimesomeshwa mashuleni kwa miaka mingi, na aghalabu kimefundishwa kama ushahidi kwamba uchaguzi wa Marekani ni udanganyifu mtupu. Usomaji huo wachukua maneno ya msimulizi na kuyafanya maneno ya mtungaji, tena wasahau kwamba kisa kiliandikwa, kikachapwa na kusomwa katika nchi ile ile kinayoikemea, bila mwandishi wake kufungwa mdomo. Wapo pia wanaokisoma kama kichekesho kisicho na jeraha. Hao nao wamekosea, kwa kuwa hawamwoni mtu aliyeingia akiwa na jina moja akatoka akiwa na mengine sita.

Lililo sawa ni kukisoma kama kisa cha mtu mwenye kosa lake. Kosa la msimulizi si wizi, ulevi wala kiapo cha uongo. Ni kwamba alidhani jina jema ni mali ya kujivunia mbele ya wenzake, na alilipima kwa mizani ya magazeti ilipompendelea. Mizani ilipogeuka hakuwa na nyingine ya kuishika. Jina jema hung'aa gizani, lakini halijitetei lenyewe. Lahitaji mwenyewe aseme, na lahitaji watu wanaouliza ushahidi kabla ya kuamini, hata pale ushahidi unapomhusu mtu wasiyempenda. Watu hao ndio waliokosekana katika New York ya kisani. Mwanafunzi anayekisoma kisa hiki akaanza kuuliza walikuwa wapi amekisoma vizuri, na huenda amepata faida ambayo mtungaji, kwa hasira yake ya mwaka 1870, hakuiweka wazi.